Ulikuwa Wapi Kabla ya Homa?

Desturi ya kuadhimisha siku ya kuzaliwa imebadilika sana mijini katika kipindi cha kizazi kimoja. Zamani ilitosha kupika pilau, kualika majirani na kummwagia maji mwenye siku yake huku watoto wakishangilia. Siku hizi wapo watu wazima, hasa wanaotimiza miaka 40 au 50, wanaopendelea kuiadhimisha kwa safari, na baadhi yao husafiri peke yao kwa makusudi. Mtu aliyelea watoto, akauguza wazazi na kutumikia ofisi kwa miaka 20 hutamani siku moja asimjibu mtu yeyote. Hujaza gari mafuta alfajiri na kuelekea mahali ambapo amepasikia tangu shuleni lakini hajawahi kupatia mguu. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, mojawapo ya mahali hapo ni Mapango ya Amboni, nje kidogo ya jiji la Tanga.

Hakuna sababu ya kitabibu ya kuikataza safari ya namna hiyo. Kutembea, kupumzika na kukaa na nafsi kuna faida kwa moyo na kwa akili. Hata hivyo, pango si bustani. Lina hatari zinazoonekana papo hapo, kama giza, utelezi na mwamba ulioinama. Lina pia hatari ambazo msafiri hurudi nazo nyumbani bila kujua. Hizo hujitokeza baada ya juma moja, mawili au matatu, wakati matope yameshafutwa kwenye viatu na picha zimeshasahauliwa. Hapo ndipo maisha ya msafiri, na wakati mwingine ya wale wanaomhudumia, yanapoweza kutegemea swali moja lisilochukua hata dakika: ulikuwa wapi kabla ya homa hii?

Barabara ni hatari ya kwanza

Kutoka Dar es Salaam hadi Tanga kupitia Chalinze na Segera ni takriban kilomita 350. Kabla ya kuwazia popo na fangasi, msafiri anayeendesha peke yake anapaswa kukumbuka kuwa hana wa kumpokea usukani. Uchovu wa dereva hauji kwa kishindo. Huanza kwa kupiga miayo, kisha macho kuwa mazito, kisha kujikuta umepita kijiji kizima bila kukumbuka ulivyokipita. Ishara hiyo ya tatu ni amri ya kusimama. Kupumzika kila baada ya saa mbili, kulala kidogo mahali salama na kuepuka kuendesha usiku ni kinga isiyogharimu chochote.

Mwenye kisukari anayetumia insulini ana jambo la ziada la kuzingatia. Kutokwa jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa ni dalili za sukari kushuka, lakini ndani ya gari lenye joto au pango lenye unyevunyevu ni rahisi kuzidhania kuwa ni hali ya hewa tu. Na apime sukari kabla ya kuondoka, abebe kitu kitamu mfukoni wala si kwenye buti la gari, na asiingie pangoni akiwa na njaa. Mwenye shinikizo la damu asiache dawa zake nyumbani kwa hoja kwamba ni siku moja tu. Anayetumia dawa za mzio au za mafua zinazoleta usingizi asizinywe kabla ya kushika usukani. Mwenye kifafa ambaye degedege zake hazijadhibitiwa asiendeshe gari, na asiingie pangoni bila mtu anayejua la kufanya zikimpata.

Ndani ya mwamba

Mapango ya Amboni yamo katika mawe ya chokaa ambayo wanajiolojia huyakadiria kuwa na umri wa takriban miaka milioni 150. Maji ya mvua hufyonza hewa ya kabonidioksidi angani na udongoni, yakawa tindikali hafifu, kisha kwa maelfu ya miaka yakayayeyusha mawe hayo tone kwa tone. Chokaa iliyoyeyuka hujijenga upya mahali pengine, ikafanya nguzo zinazoning'inia darini na nyingine zinazoota kutoka sakafuni. Wenyeji wana masimulizi kwamba njia za chini ya ardhi hufika Mombasa, wengine husema hadi Kilimanjaro. Historia nayo inamkumbuka Osale Otango, aliyejificha mapangoni humo akisakwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1950. Zipo pia sehemu za pango ambazo watu huenda kuomba na kutambika, na jambo hilo, kama itakavyoonekana, lina uzito wake katika tiba.

Wageni huingia wakiongozwa, na mwongozaji huyo si mapambo. Zipo njia ambazo mtu hulazimika kuinama au kutambaa, na asiyezijua hupotea haraka kwa sababu kila kona hufanana na nyingine. Aliyekuja peke yake kutoka mjini asiwe peke yake ndani ya mwamba. Avae viatu vyenye soli inayoshika, kofia ngumu ikipatikana, na abebe tochi ya kichwani pamoja na nyingine ya akiba. Mwanga wa simu hautoshi. Penye mzunguko hafifu wa hewa kabonidioksidi hujikusanya, hasa kwenye mashimo ya chini. Kichwa kikianza kuuma, pumzi ikienda mbio bila kazi nzito au kizunguzungu kikimjia, asijilazimishe kumaliza ziara. Atoke kwanza.

Wenyeji wa gizani

Wakati wa magharibi popo wa Amboni hutoka kwa makundi, na watazamaji wengi huiita hiyo sehemu tamu zaidi ya ziara. Popo ni viumbe wenye manufaa: wapo wanaokula wadudu kwa wingi, na wapo wanaochavusha maua ya mibuyu na kutawanya mbegu za misitu. Pamoja na hayo, mwili wa popo huweza kubeba vimelea ambavyo yeye havimsumbui lakini kwa binadamu ni maradhi. Matatu kati ya maradhi hayo yanafaa kujulikana na kila anayeingia pangoni na kila anayepokea wagonjwa.

La kwanza ni histoplasmosisi, maradhi ya fangasi wanaostawi katika udongo uliochanganyika na kinyesi cha popo au ndege. Mtu akikanyaga au kukwangua kinyesi kikavu, vumbi hupanda na mbegu za fangasi huvutwa hadi mapafuni. Kati ya siku 3 na 17 baadaye huweza kupata homa, kikohozi kikavu, maumivu ya kifua na uchovu mkubwa. Wengi hupona bila dawa. Kwa mtu mwenye kinga dhaifu, hata hivyo, fangasi hao husambaa mwilini hadi kwenye ini, wengu na uboho, na bila matibabu huua. Picha ya kifua yake hufanana mno na ya kifua kikuu. Kwa hiyo mgonjwa huweza kuanzishiwa dawa za kifua kikuu, akazimeza kwa uaminifu miezi kadhaa, na asipate nafuu.

La pili ni kichaa kinachosababishwa na virusi jamaa wa kichaa cha mbwa. Mwaka 2007 mtalii kutoka Uholanzi alikwaruzwa puani na popo aliyemrukia usoni katika hifadhi ya Tsavo Magharibi, Kenya. Jeraha lilikuwa dogo, likasafishwa, na hakupata chanjo. Wiki chache baadaye, akiwa kwao, aliugua na kufariki kwa virusi vya Duvenhage. Funzo lake ni fupi: mkwaruzo wa popo si jambo dogo. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aliyejeruhiwa aende siku hiyo hiyo kituo cha afya kupangiwa chanjo.

La tatu ni ugonjwa wa virusi vya Marburg, ambao hifadhi yake ya asili ni popo wa matunda wa Misri, wanaoishi mapangoni na kwenye migodi. Afrika Mashariki inaufahamu. Mwaka 1980 mkazi mmoja wa magharibi mwa Kenya aliyekuwa amezuru pango la Kitum katika Mlima Elgon alifia Nairobi, na daktari aliyemhudumia akaambukizwa, ingawa alipona. Mwaka 1987 kijana wa miaka 15 aliyekuwa ameingia pango hilo hilo alifariki pia. Tanzania ilitangaza milipuko mkoani Kagera mwaka 2023 na tena 2025. Nchini Rwanda, mlipuko wa 2024 uliwapata watu 66 na kuua 15, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya.

Milipuko hiyo ya Tanzania ilitokea Kagera, wala si Tanga, na si kila pango lenye popo lina Marburg. Msafiri hapaswi kuingiwa na hofu. Anapaswa kuwa na mazoea ya usafi yasiyotegemea jina la pango.

Wageni wawili wa pango moja

Katika msitu wa Maramagambo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeth nchini Uganda, lipo pango linalojulikana kwa chatu wake na maelfu ya popo wanaowapatia chatu hao chakula. Wanawake wawili wasiojuana, wote wenye miaka ya arobaini na kitu, waliingia humo kwa nyakati tofauti.

Wa kwanza, Mmarekani kutoka jimbo la Colorado, aliingia tarehe 25 Desemba 2007. Siku kumi baadaye, akiwa amesharudi kwao, alishikwa na homa, kichwa na kichefuchefu, kisha viungo vyake vya ndani vikaanza kulegea. Alilazwa, akapimwa maradhi mengi, yote hayakuonekana. Alipona polepole na kuruhusiwa kwenda nyumbani bila jina la ugonjwa uliomlaza.

Wa pili, kutoka Uholanzi, aliingia tarehe 19 Juni 2008. Homa ilimwanza tarehe 2 Julai, akalazwa siku tatu baadaye na kufariki tarehe 11 Julai. Kwake virusi vya Marburg vilitambuliwa.

Habari za kifo hicho zilipomfikia yule Mmarekani, alilikumbuka pango. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba apimwe tena. Uchunguzi wa kina ulithibitisha mnamo Januari 2009, zaidi ya mwaka mmoja baada ya ziara yake, kwamba alikuwa ameugua Marburg. Kwa muda wote aliokuwa wodini, hakuna aliyejua anachokiuguza. Kwa bahati, hakuna mhudumu aliyeambukizwa. Lakini bahati si utaratibu wa kujikinga.

Baada ya hapo pango lilifungwa, na baadaye likajengwa jukwaa la kulitazamia kwa mbali. Suluhisho hilo lina busara kuliko kuwaangamiza popo. Katika mgodi wa Kitaka, Uganda, popo waliuawa baada ya wachimbaji kuugua mwaka 2007. Popo wengine wakahamia humo, kiwango cha maambukizi miongoni mwao kikawa kikubwa kuliko cha wale wa awali, na mwaka 2012 ugonjwa ukazuka tena katika wilaya hiyo.

Shahidi asiyekuwepo

Tabibu hufundishwa kwamba sehemu kubwa ya utambuzi wa maradhi hutokana na maelezo ya mgonjwa. Anayeugua akiwa na familia huwa na mashahidi: mke husema mume wake alirudi lini, mtoto hukumbuka walikula nini. Aliyesafiri peke yake hana shahidi. Akifikishwa hospitali akiwa anaweweseka kwa homa, ndugu waliomleta hujibu kwa nia njema kwamba hakusafiri, kwa sababu wao walijua tu kwamba alipumzika siku yake ya kuzaliwa. Upweke uliokuwa raha ya safari hugeuka kuwa pengo katika faili lake.

Pengo hilo huzibwa kabla ya kuondoka. Inatosha mtu mmoja anayeaminika, dada, rafiki au jirani, ajue mambo manne: msafiri anakwenda wapi, ataingia pango gani, atatoka saa ngapi, na atarudi lini. Asiporudi kwa saa iliyotajwa, mtu huyo ndiye atakayeanza kumtafuta. Akirudi salama, mtu huyo huyo ndiye atakayekuwa shahidi wake kwa siku 21 zinazofuata, kwa kuwa huo ndio muda mrefu zaidi unaotegemewa kati ya kuambukizwa Marburg na kuanza dalili. Ni vyema tarehe ya ziara iandikwe kwenye kalenda ya ukutani, na tarehe ya siku ya 21 izungushiwe duara.

Siku ya ziara yenyewe, mambo machache hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa. Msafiri avae mikono mirefu, suruali, glovu na barakoa inayobana vizuri usoni, aina ya N95. Kitambaa cha kawaida hakizuii vumbi la fangasi. Asikwangue sakafu, asiwashike popo walio hai au waliokufa, na asiguse uso kwa mkono uliogusa mwamba. Chakula na kinywaji vibaki nje. Anayetaka kukata keki aikate akiwa ameshatoka na kunawa mikono kwa sabuni. Viatu na nguo vifungwe kwenye mfuko na kufuliwa peke yake.

Wapo ambao ni heri waishie mdomoni mwa pango. Hao ni wenye VVU ambao kinga yao bado iko chini au hawajaimarika kwa dawa, wanaotibiwa saratani, waliopandikizwa kiungo, wanaotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, watoto wachanga na wenye pumu isiyodhibitiwa. Mgonjwa wa namna hiyo asione aibu kumuuliza daktari wake kabla ya safari. Jibu laweza kuwa kwamba aende Tanga, ale samaki, atazame popo wakitoka jioni akiwa mbali, na asiingie ndani.

Swali la mhudumu

Katika zahanati nyingi, homa hupimwa malaria kwanza, na ndivyo inavyopaswa. Tatizo huanza pale kipimo kinapokuwa kikomo cha fikra. Kipimo kikionyesha hakuna malaria, homa bado ina chanzo. Kikionyesha malaria ipo, haimaanishi kwamba haina mwenzake. Mgonjwa ambaye homa yake haishuki baada ya dawa sahihi anastahili kuulizwa upya, kwa utulivu: katika wiki tatu zilizopita ulisafiri? Uliingia pangoni, mgodini au handakini? Uligusa popo au kinyesi chake? Ulimuuguza au kumzika mtu aliyekuwa na homa?

Namna ya kuuliza ina uzito sawa na swali lenyewe. Aliyekwenda pangoni kutambika huogopa kuonekana mshirikina. Mtumishi aliyeaga ofisini kwamba anaumwa, kumbe alikuwa safarini, huogopa barua ya onyo. Mtu wa makamo aliyejipeleka mwenyewe kufurahia siku yake huogopa kuchekwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mgonjwa hufichua pale tu anapoona hatadharauliwa. Mhudumu aeleze kwa nini anauliza, aulize bila hadhara ya watu, na apokee jibu bila kukunja uso wala kutoa hotuba.

Jibu likiwa ndiyo, na mgonjwa ana homa kali iliyoanza ghafla, kichwa kinachopasuka, maumivu ya misuli, kutapika, kuharisha au kutokwa damu, hatua ya kwanza ni kumtenga na kupunguza wanaomkaribia. Mhudumu avae vifaa kinga kabla ya kuchoma sindano au kutoa damu, kisha atoe taarifa kwa mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya au kupitia namba ya bure ya Wizara ya Afya, 199. Sampuli isisafirishwe kienyeji. Hadi sasa hakuna dawa wala chanjo ya Marburg iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida, lakini kumpatia mgonjwa maji ya kutosha, kurekebisha chumvi za mwili na kutibu maradhi yanayoambatana huongeza uwezekano wa kupona. Kadiri yanavyoanza mapema, ndivyo yanavyosaidia zaidi.

Jibu likiwa ndiyo, lakini dalili ni kikohozi cha wiki kadhaa, kupungua uzito na picha ya kifua yenye mashaka huku vipimo vya makohozi havionyeshi vimelea vya kifua kikuu, histoplasmosisi iwekwe kwenye orodha. Mgonjwa apewe rufaa kwenda panapoweza kufanyika uchunguzi wa fangasi. Dawa zipo, zikiwamo itrakonazoli na, kwa walio mahututi, amfoterisini. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuzifikiria.

Kwa upande wa mgonjwa, wajibu ni mwepesi zaidi. Anayepata homa ndani ya siku 21 baada ya kutoka pangoni asinunue dawa dukani na kusubiri. Afike kituo cha afya, akae mbali kidogo na wengine, na sentensi yake ya kwanza kwa mhudumu, kabla hata ya kueleza kichwa kinavyomuuma, iwe na mambo mawili: jina la pango na tarehe aliyoingia.